Kamera ya Porini Imetoweka: Soma Alama Kabla ya Kununua Kufuli

Kamera ya kutega, ile inayofungwa mtini na kupiga picha yenyewe mnyama akipita, ikipotea kitaluni, yaani kwenye eneo la uwindaji, neno la kwanza linalomtoka mtu ni "wezi", na la pili ni "kufuli". Nimefunga kamera hizi kwenye mapori ya Liwale kwa misimu kadhaa, ndani ya ardhi ya uwindaji na kwenye misitu ya vijiji inayopakana nayo, na hasara imenifundisha kwamba maneno yote mawili huja mapema mno. Kufuli humzuia yule anayeitaka kamera. Wengi wanaoigusa hawaitaki. Kuna anayetaka picha iliyomo ndani, kuna anayetaka betri, na kuna asiyetaka chochote ila isimtazame.

Ukifika mtini ukakuta hali si ile uliyoiacha, usiguse kitu kwa muda. Usipige simu, usimlaumu mtu. Zunguka, inama, tazama kilichobaki.

Mti mtupu, mkanda umekatika

Anza na mkanda wenyewe. Uliokatwa kwa panga una mdomo mmoja safi, mara nyingi wa mshazari, na ukitazama gome chini yake utaona kidonda cha panga. Uliovutwa na tembo hauna mdomo: nyuzi zimechanika kwa urefu usiolingana, kifungio cha plastiki kimepasuka, gome limechubuka kuelekea upande mmoja. Tembo hunusa jasho la mikono yako, sabuni, hata harufu ya plastiki mpya, na akishaipata hiyo harufu hana subira. Huing'oa kamera, huichezea, huikanyaga au huirusha. Lakini haendi nayo nyumbani. Kwa hiyo piga duara la hatua 50 kuuzunguka mti, taratibu, ukigeuza majani makavu kwa fimbo, kabla hujamtaja mwizi.

Naandika hili kwa aibu. Mwaka mmoja nilikuta mti mtupu karibu na korongo, nikapanda pikipiki moja kwa moja hadi kwa mwenyekiti wa kijiji, nikamwambia vijana wake wamechukua mali ya watu. Siku tatu baadaye mfuatilia nyayo wetu aliikanyaga ile kamera hatua kama 30 kutoka mtini, imefunikwa na majani. Kioo kimepasuka, memori kadi nzima. Picha za mwisho zilikuwa mkonga, mkonga, ndani ya mkonga, mbingu. Kurudi kwa mwenyekiti kuomba radhi kulikuwa safari ndefu kuliko ile ya kwanza, na mpaka leo akiniona hunisalimia, "Habari za mwizi wetu mwenye masikio makubwa?"

Fisi huacha matundu ya meno kwenye plastiki na mara nyingi huacha nusu ya kamera hapohapo. Nyani huigeuza, huivuta mkanda, huchoka, huondoka. Moto nao ni mwizi mkubwa wa kiangazi: kuanzia Juni hadi mvua zinapoanza pori la miombo huwaka, na kamera iliyoungua huacha donge jeusi chini ya mti na pengine kufuli likining'inia kwenye kebo, halina cha kulinda. Tazama kama majani ya mti yamebabuka na nyasi zimekuwa jivu. Kinga ya moto ni kufyeka na kusafisha majani makavu kuuzunguka mti, na hapo ndipo penye mtego wa pili nitakaouzungumza mbele, maana mahali palipofyekwa ni sawa na kibao cha barabarani.

Kamera ipo, memori kadi haipo

Hii ndiyo dalili inayosema mengi kuliko zote, na ndiyo watu wengi huipita haraka kwa kuwa hasara yake ni ndogo. Aliyefungua mlango wa kamera, akaacha kifaa cha bei kubwa na kuchukua kadi ya bei ya chai na vitumbua, anajua kamera ni nini na anajua amepigwa picha. Huyo alikuwa na jambo: alikuwa na gobore, alikuwa na nyaya za kutegea, alikuwa na mbao za mninga au mkongo kwenye baiskeli, au alipita tu mahali asiporuhusiwa na hataki maneno.

Hatua ya kwanza ni kujiuliza kamera yako inatazama wapi. Kama inatazama njia ya watu, umeiweka vibaya. Kamera ya kufuatilia wanyama haina sababu ya kukaa kwenye kijia cha baiskeli. Sogea hatua 100 au 200 ndani, kwenye mapito ya mbawala, nyati au pofu, mahali ambapo mtu mwenye mzigo hapiti kwa sababu hapapitiki. Nyayo zitakuonyesha: njia ya watu imenyooka na inakwenda mahali; njia ya wanyama hupinda kwenye kivuli na kwenye maji.

Hatua ya pili ni taa. Kamera nyingi za bei nafuu hutumia mwanga wa infraredi wa nanomita 850, na zile taa zake ndogo usiku huonekana kama makaa mekundu hafifu. Warina asali wengi hufanya kazi usiku, wapasua mbao husafirisha usiku, na mtu ambaye macho yake yamezoea giza ataliona hilo jekundu kutoka mbali. Chagua zenye nanomita 940. Jicho la mtu haliuoni mwanga huo. Utalipia kwa upande mwingine: haufiki mbali, na picha za usiku huwa na chenga. Mimi naukubali huo upungufu. Picha yenye chenga ni bora kuliko kadi iliyokwenda.

Hatua ya tatu, na hapa wengi hawanisikilizi, ni kuamua mapema utafanya nini na picha za watu. Ukiwa mtu wa kupeleka kila sura porini kwa askari, hata ya bibi anayechimba ming'oko, basi ujue kila mwanakijiji ana sababu ya kukuibia kadi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sura ya mtu ni taarifa yake. Sisi tulikaa na kamati ya maliasili ya kijiji tukasema wazi: picha za watu wasio na silaha wala msumeno zinafutwa, hazionyeshwi kwa mtu, haziwekwi kwenye makundi ya simu. Kadi zilizokuwa zikipotea kila mwezi zilipungua. Hazikuisha, jangili bado ana sababu yake.

Kamera ipo, betri hazipo

Shida ndogo ya mtu wa kawaida. Kamera moja hubeba betri ndogo 4, 8 au hata 12, zilezile zinazoingia kwenye tochi na redio. Mtu amechelewa porini, tochi imezima, mbele yake kuna sanduku lenye betri nane mpya. Huyo usimtafute. Mlango wenye kufuli dogo unatosha kumfanya aendelee na safari yake.

Kamera imegeuzwa, imepakwa tope au imevikwa majani

Watu wa kitaluni huicheka hii na kuirudisha kamera ilivyokuwa. Wakirudi baada ya wiki mbili hakuna kamera. Mtu aliyekuwa na uwezo wa kuiba akaishia kuigeuza amekuandikia barua. Ameomba uiondoe.

Jiulize pale ni mahali pa nani. Kiangazi maji huwa machache, na dimbwi analonywea nyati asubuhi ndilo wanaloogea kina mama jioni. Kamera kwenye kisima cha mchanga cha mto uliokauka ni kumchungulia mke wa mtu, haidhuru wewe ulikuwa unamtafuta chui. Kuna pia jando. Vijana wakiwa kambini porini, asiyehusika hapaswi kuona yanayoendelea, na hilo halibadiliki kwa kuwa mwenye kuona ni mashine. Huku kwetu Wangindo, Wayao, Wamwera na Wamakonde kila mmoja ana namna yake, lakini hakuna hata mmoja atakayeivumilia kamera karibu na kambi ya wanawe. Uliza wazee kabla ya msimu: "Shikamoo mzee, mwaka huu vijana watakuwa upande gani?" Hawatakuonyesha mahali penyewe. Watakuambia upande wa kutokwenda, na hicho ndicho unachohitaji.

Na jina. Tumelizoea neno "kamera za kutega", na kwenye vibao vyetu vya kwanza tuliandika MTEGO WA KAMERA kwa herufi kubwa. Mzee mmoja mrina asali alinikuta ninafunga, akasoma kibao, akaniambia, "Umeandika mtego, mwanangu. Sasa mimi nipite wapi?" Alidhani tumetega kitu cha kumkamata mguu. Siku hizi kibao chetu kinasema KAMERA YA KUHESABU WANYAMA, basi.

Kamera, kebo, kasha na kufuli, vyote vimekwenda

Sasa huyu ni mwizi. Amekuja na kifaa: mkasi wa kukatia nondo, msumeno, au panga la kuangusha mti mzima. Nimekuta mti wa unene wa mkono umelazwa chini na kebo imechomolewa juu ya kisiki kama bangili. Kosa lilikuwa langu. Mti mwembamba mbali na kuangushwa haraka, hutikiswa na upepo na kukujazia kadi picha za nyasi.

Funga kwenye mti usiopungua unene wa paja la mtu mzima, wenye panda juu ya mahali unapofunga, ili kebo isitoke hata kamera ikisukumwa juu. Kasha la bati la milimita 2 au 3 fundi wa kuchomelea yeyote pale Liwale au Nachingwea atakutengenezea. Mpelekee kamera yenyewe apime, usimpe vipimo kwa mdomo. Mwambie bawaba ziwe za ndani na tundu la kufuli lifunikwe na bati pande zote, mkasi usipate pa kuuma. Kufuli likiwa nje linaning'inia, kasha lote ni mapambo. Usijaribu kukaza skrubu kwenye mpingo. Ule mti huzama majini kwa uzito wake, na kekee yangu ya mkono ilikatikia humo, kipande kipo mpaka leo. Na msitu ukiwa wa kijiji, omba ruhusa kabla ya kutoboa mti wa mbao kama mninga. Kebo haiujeruhi mti.

Njia nyingine ni kupanda juu. Kamera ikikaa mita 2.5 hadi 3 kutoka chini, imeinamishwa, mtu anayetembea akitazama njia hataiona, na akiiona hana ngazi. Sisi tunabeba ngazi fupi ya mianzi kwenye gari na tunarudi nayo. Ukiificha porini umemwachia mwizi. Lakini urefu huo haufai kila mahali. Kwenye chambo cha simba mwindaji bingwa anataka kuuona uso, manyoya na pua ili akadirie umri, kwa kuwa kanuni zinalenga madume ya miaka 6 na kuendelea. Kutoka juu ataona mgongo tu. Hapo weka chini, ndani ya kasha, ukubali hatari.

Kitu kinachosahaulika: miombo hupukutisha majani. Kamera uliyoificha vizuri Aprili, Agosti iko uchi. Na yale mabaka ya kijani ya kiwandani yamechorwa kwa misitu ya nchi za baridi. Kwenye pori letu kavu yanang'aa kama khanga mpya. Paka udongo wa palepale, bandika vipande vya gome kwa silikoni siku kadhaa kabla harufu ipotee, na uache kioo, taa na kihisi, kile kinachotambua joto la apitaye, bila kuziba.

Halafu ule mtego wa kufyeka nilioutaja. Nyasi zisipofyekwa hupunga mbele ya kihisi na kuunguza betri. Zikifyekwa nusu duara safi mbele ya mti mmoja, kila apitaye anajua kuna jambo. Zivunje kwa mguu au zing'oe kwa mkono, chache chache, na fanya vivyo hivyo mahali pengine pawili patatu pasipo na kamera.

Zimepotea nyingi ndani ya wiki moja

Kamera moja ikiibwa, mtu kaiona. Tano zikiibwa kwa mfuatano, mtu ana orodha, au anafuata alama za gari lako. Matairi kwenye mchanga wa Mei husomeka mpaka Julai. Ukisimamisha gari chini ya kila mti wenye kamera umechora ramani. Acha gari mbali, tembea, na siku nyingine simama mahali pasipo na kitu.

Orodha ni suala gumu zaidi kwa kuwa linagusa watu unaokula nao. Andika nani anajua kamera ipi. Siyo wote wajue zote: kundi la kaskazini lijue za kaskazini. Usitume alama za ramani kwenye kundi la simu lenye watu 40, ambamo wengine walikwisha acha kazi zamani. Na kabla ya kumshuku kibarua, jiulize kama mishahara imelipwa. Nimeona kamera zikirudi zenyewe wiki ambayo malimbikizo yalitoka, na hakuna aliyeuliza swali.

Simu haipokei picha, na umeshahitimisha kwamba imeibwa

Kamera zenye laini ya simu huwatisha watu bure. Kwanza angalia kama bando limeisha. Pili, mtandao: sehemu kubwa ya mapori ya Liwale, na kule Nanyumbu kuelekea mto Ruvuma na Pori la Akiba la Lukwika-Lumesule, mtandao hushikwa juu ya kilima na kupotea bondeni, na kamera huhangaika kuutafuta mpaka betri zinaisha. Tatu, unyevu na sisimizi. Sisimizi hupenda joto la ndani na hujenga kwenye nafasi ya betri. Kamera ikinyamaza ghafla muda mfupi baada ya kutuma picha ya mkono au kiganja kikikaribia, basi hapo wasiwasi una msingi.

Imefunguliwa, lakini aliyeifungua hayumo kwenye picha

Watu husema ni uchawi. Kihisi cha kamera hupima tofauti ya joto linalotembea mbele yake. Mchana wa Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, hewa na ardhi hukaribia joto la mwili wa mtu, nyuzi 37, na tofauti inapokuwa ndogo kihisi hulala. Kingine: kihisi hukamata vizuri kinachokata mbele yake kutoka kushoto kwenda kulia, si kinachokuja moja kwa moja. Na aliyekuja kutoka nyuma ya mti hakupigwa kwa sababu hakuwepo mbele.

Dawa yake ni kamera ya pili, juu, hatua 8 hadi 10 pembeni, ikiitazama ya kwanza kwa ubavu, na iwe ya nanomita 940. Ifungwe siku nyingine na mtu atokee upande mwingine, la sivyo nyayo zako zitaunganisha miti miwili. Mimi huweka ya pili ile mpya, na ya zamani iliyochakaa ndiyo inayoonekana.

Kabla ya kwenda polisi

Piga simu kwa askari wa doria. Akikuta kamera asiyoijua ana kila sababu ya kuichukua, kwa kuwa naye hajui ni ya mtafiti, ya mwenye kitalu au ya jangili anayepeleleza doria. Tangu 2019, sehemu kubwa ya Selous ilipofanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, mahali palipokuwa kitalu zamani panaweza kuwa ndani ya hifadhi, na kamera yako haina haki ya kuwa pale. Peleka orodha ya namba za kamera kwa TAWA, mamlaka ya wanyamapori, na kwa ofisi ya kijiji mapema, si baada ya kupotea. Kamera mbili nilizozililia kwa miezi minne zilikuwa stoo yao, zimefungwa vizuri kuliko nilivyozifunga mimi.

Zikiwa hazipo kwao, chukua RB, ile namba ya taarifa ya polisi, ukiwa na namba ya kiwandani, picha ya kamera yenyewe na tarehe uliyoiona mara ya mwisho. Namba hiyo iandike siku unayonunua. Kisha choma jina la kitalu kwenye plastiki kwa msumari wa moto, nje na ndani ya mlango, uweke namba ya siri kama kamera inaikubali, na ubandike karatasi ndani: kamera hii haiwaki bila namba ya siri, ukiiokota peleka kwa mtendaji wa kijiji, hutaulizwa kitu. Weka namba ya simu. Hapa Liwale hakuna soko la kamera za porini. Aliyeiiba hugundua hivyo baada ya siku mbili tatu, na asipokuwa na njia ya kuirudisha huitupa mtoni.

Ya mwisho kupotea ilirudi hivyo. Mtendaji aliikuta asubuhi mlangoni kwa ofisi, ndani ya mfuko wa salfa ya korosho, imefutwa vumbi, kadi imo. Betri hazikuwemo.